Nafaka ya Sadaka Isipigwe Mnada Julai

Kati ya Juni na Agosti makanisa mengi ya Dodoma hupokea sadaka ya mavuno. Muumini huja na alichojaliwa: mtama, uwele, karanga kwenye ndoo, alizeti, maboga, kuku aliyefungwa miguu. Ibada ikiisha, vitu hupangwa uani na mnada huanza. Jogoo mmoja anaweza kupandishwa hadi mara mbili ya bei ya sokoni, kwa kuwa watu wanashindana kwa furaha na kila mmoja anajua pesa inakwenda wapi. Mwekahazina anaandika, vijana wanabeba. Ni siku njema na hakuna sababu ya kuifuta.

Shida iko kwenye magunia. Jogoo hupanda bei mnadani, nafaka haipandi, maana mwezi huo kila mtu anayo. Gunia la sadaka huondoka kwa bei ya msimu, ambayo ndiyo bei ya chini kuliko zote za mwaka, na anayelichukua ni yule mwenye pesa taslimu mkononi Julai. Akiliweka hadi Februari ataliuza kwa bei nzuri, na miongoni mwa wateja wake anaweza kuwamo mama yuleyule aliyeleta lile debe kanisani. Hakuna aliyeiba. Mama ametoa kwa moyo, kanisa limepata pesa, mnunuzi amelipa alichoahidi mbele ya watu. Hata hivyo sadaka ya mwenye kidogo imepita madhabahuni ikageuka mtaji wa mwenye nacho.

Kwa mkoa unaolima mara moja kwa mwaka, hapa ndipo imani inapopimwa. Mvua za Dodoma huanza Desemba na kukatika Aprili, jumla yake kwa kawaida ni kati ya milimita 500 na 600, na katikati ya msimu mara nyingi hupita wiki mbili au tatu za jua kali. Mavuno ya Mei na Juni ndiyo chakula, ada, matibabu na mbegu. Januari hadi Machi vihenge vya wengi huwa vitupu, na ni miezi hiyohiyo shamba linapodai nguvu kuliko wakati wowote.

Mtama unataka palizi ya kwanza wiki ya pili au ya tatu baada ya kuota, na shamba lililoberegwa, yaani lililofyekwa na kupandwa bila kutifuliwa, huwahi kuzidiwa na magugu. Kaya isiyo na chakula haiwezi kusubiri. Baba na mama wanakwenda kupalilia kwa jirani ili wapate debe, na wanaporudi kwenye shamba lao magugu yamekwisha kuusonga mtama. Juni wanavuna magunia mawili pale palipostahili magunia matano, na mwaka unaofuata wanarudi kwenye kibarua kilekile. Wengi huona umaskini wa namna hii wakausingizia uvivu. Ukweli ni kwamba kaya hiyo ilifanya kazi kuliko nyingine zote, ila kwenye shamba la mtu mwingine.

Kwa hiyo debe la mwanzoni mwa Januari na debe la Machi hayana uzito mmoja, hata mizani ikisema ni sawa. La Machi linazuia njaa ya wiki moja. La Januari linamwacha mtu apalilie shamba lake. Makanisa yetu huwa na huruma zaidi mwezi Machi, kwa sababu ndipo njaa inapoonekana usoni.

Sasa tuangalie mkopo wenyewe. Utaratibu unaojulikana vijijini ni kuchukua debe moja wakati wa njaa na kurudisha madebe mawili wakati wa mavuno. Anayekopesha ana hoja, na hoja yake isidharauliwe. Tuseme debe lina bei ya shilingi 20,000 Februari na shilingi 10,000 Juni. Atakwambia: nilitoa kitu cha 20,000, nimerudishiwa kitu cha 20,000, riba iko wapi? Kwa hesabu ya shilingi yuko sahihi kabisa. Kwa hesabu ya tumbo, kaya iliyokula debe moja imelipa mawili, na lile debe la pili ndilo lingewafikisha wiki moja zaidi mwaka ujao.

Mambo ya Walawi 25:37 inataja fedha na chakula kila kimoja peke yake: ndugu aliyeishiwa asitozwe riba ya fedha, wala asipewe chakula kwa kutafutiwa faida. Kama hoja ingekuwa thamani ya soko tu, kutaja fedha kungetosha. Torati inakitazama chakula kwa kipimo cha chakula. Debe lililotoka lirudi debe. Anayekubali hivyo anapoteza kitu halisi, katika mfano wetu shilingi 10,000 kwa kila debe, na anajua kabisa kwamba anazipoteza. Huo ndio ukarimu tunaouzungumzia. Kutoa nguo iliyochakaa au noti ya mwisho mfukoni ni jambo jema, lakini kuiacha faida uliyokuwa na uwezo wa kuichukua, ambayo sheria ya nchi haikukatazi na majirani wote wanaichukua, kunadai imani kweli.

Yesu analisogeza jambo mbali zaidi. Katika Luka 6:34 anasema hata wenye dhambi hukopeshana wakitarajia kurudishiwa vilevile. Debe kwa debe, basi, ni mwanzo tu. Linafaa kwa ajili ya ghala, ili mwakani liwe na cha kukopesha. Mtu binafsi ana nafasi ya kwenda mbele ya hapo na kusamehe.

Hapa lazima tuseme wazi kuhusu mahubiri ya kupanda mbegu, yale ya toa laki upokee milioni. Paulo katika 2 Wakorintho 9 anasema apandaye haba atavuna haba, na wahubiri wengi huishia hapo. Ukiendelea hadi mstari wa 8, riziki anayoiahidi ni ya kumwezesha mtoaji azidi katika kila tendo jema, yaani aendelee kutoa. Anayetoa ili arudishiwe mara mia bado anajihesabia, na faida yake ameihamishia tu kwa mdaiwa mwingine. Waumini waliofundishwa hivyo miaka kumi hawatakubali kwa urahisi kuacha hata sado moja, na si kosa lao.

Upo pia upande wa mfanyabiashara. Kuhifadhi nafaka ni kazi: kuna mifuko, usafiri, panya, na hatari ya bei kutopanda. Bila watu wa kununua Juni na kuuza Februari, soko la nafaka kama la Kibaigwa lisingekuwa na kazi na Februari kusingekuwa na nafaka ya kununua kabisa. Mithali 11:26 inasema watu watamlaani azuiaye nafaka, na baraka ni ya yule anayeiuza. Baraka hapo ni ya muuzaji. Kosa linalotajwa ni kuzuia, kufunga ghala wakati watu wana pesa na hawana chakula, kwa kusubiri bei ipande tena wiki ijayo. Mkristo mwenye mshahara hapa Dodoma mjini, anayenunua magunia 50 kijijini Julai, anaweza kuuza 45 kwa bei ya soko bila dhamiri kumsuta, na matano akayarudisha Januari kijiji kilekile kwa bei aliyonunulia pamoja na gharama ya mfuko na usafiri. Hatapata hasara. Ataacha faida ya magunia matano, na atakuwa amezifikia kaya kumi.

Turudi kanisani. Parokia, usharika au mtaa una bajeti, na pesa ya mnada ndiyo inayolipa posho ya mwinjilisti, mabati na mchango wa dayosisi. Kusema nafaka yote isiuzwe ni kusema maneno matupu. Theluthi inawezekana. Kumbukumbu la Torati 14:28–29 inaagiza zaka ya mwaka wa tatu iwekwe ndani ya malango, kwa ajili ya Mlawi, mgeni, yatima na mjane. Kuweka akiba ya chakula kwa wasio na kitu ni agizo la siku nyingi kuliko mnada. Jogoo, karanga, alizeti na maboga viuzwe. Katika mtama, uwele na mahindi, theluthi ibaki.

Chukua kanisa linalopokea magunia 18 ya kilo 100. Theluthi ni magunia 6, na kwa kuwa gunia lina madebe 6 hivi, hayo ni madebe 36. Mwaka wa kwanza yasikopeshwe zaidi ya 24, kwa kaya 8, madebe matatu kila moja. Kaya ya watu sita hutumia takribani kilo 2 na nusu za nafaka kwa siku, kwa hiyo madebe matatu ni chakula cha siku 20, zinazotosha kumaliza palizi ya kwanza bila kwenda kibaruani. Madebe 12 yanayobaki ni ya kutoa bure kwa wasioweza kurudisha: bibi anayelea wajukuu peke yake, mgonjwa, mlemavu asiye na shamba. Watu hawa wasikopeshwe. Kumwandikia deni mtu unayejua hawezi kulipa ni kumfanya akwepe kanisa kuanzia Juni.

Uhifadhi ndio unaoharibu mipango mingi mizuri. Mahindi yakiwekwa kwenye mfuko wa kawaida, dumuzi, ambaye wakulima wengi humwita skania, anaweza kuyageuza unga ndani ya miezi michache. Mtama haumvutii sana, ila fukusi nao wanaushambulia. Mfuko wa tabaka tatu usiopitisha hewa unatatua jambo hili bila dawa, kwa masharti. Tabaka mbili za ndani ni plastiki nzito, ya nje ni ya kusuka. Jaza ya ndani kabisa, shindilia ili hewa itoke, sokota mdomo, kunja, funga kwa kamba ya mpira, kisha fanya hivyohivyo kwa ya pili na ya tatu. Wadudu waliomo watakosa hewa na kufa. Tundu dogo kama la sindano linatosha kuharibu kazi yote, ndiyo maana mfuko hauburutwi sakafuni. Uwe juu ya kichanja cha mbao, mbali kidogo na ukuta, na usifunguliwe kuchungulia. Ukifunguliwa Januari, ugawiwe wote siku hiyohiyo. Kwa bahati nzuri gunia moja ni kaya mbili kamili.

Kabla ya kufunga, nafaka iwe kavu. Kipimo cha chumvi hakina gharama: chukua chupa safi na kavu, tia nafaka hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, tikisa dakika mbili au tatu. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, nafaka bado ina maji. Isipoganda, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, lakini mfuko unataka asilimia 13 au pungufu, kwa hiyo ianikwe tena siku nyingine nzima. Anika juu ya turubai. Udongo mtupu ndio unaobeba ukungu.

Hili halina mjadala, kwa sababu watu wamekufa. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu wa nafaka, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala haiondoki kwa kuchemsha, na hujaa zaidi kwenye punje zilizovunjika, zilizosinyaa au zenye ukungu. Katika sadaka ya mavuno huwa yapo magunia ya namna hiyo, yaliyotolewa kwa sababu sokoni yasingepata mnunuzi. Malaki 1:8 inawauliza waliomletea Mungu mnyama kipofu kama wangethubutu kumpelekea liwali wao. Mwenye kupokea sadaka mlangoni awe na ungo na ruhusa ya kukataa. Mahindi yasiyofaa yakipewa maskini yanamdhuru ambaye hana chakula kingine cha kuchanganya.

Kuhusu kipimo: debe liwe moja, lile lile la kutolea na la kupokelea, likae ghalani, na kama kuna mzani wa kuning'iniza ni bora zaidi. Wakulima wameumizwa vya kutosha na lumbesa, wakiuza gunia lenye kichwa kwa bei ya gunia la kawaida. Kanisa linaweza kugeuza upande: linapotoa, debe liwe la kichwa, kama kile kipimo cha Luka 6:38 kilichoshindiliwa na kusukwasukwa, linapopokea, lifutwe kwa mti likae sawa na ukingo. Kichwa cha debe kikiwa kilo 1 na nusu, madebe 24 yatapunguza ghala kwa kilo 36, zaidi kidogo ya madebe mawili. Gharama hiyo ijulikane mapema na ijazwe kutoka sadaka ya mwaka unaofuata. Isipopangwa, baada ya miaka mitatu mtu atadhani mtunza ghala anaiba.

Na nani ashike ufunguo? Kanisa la kwanza lilikutana na swali hili katika Matendo 6. Wajane wa Wayahudi waliosema Kiyunani walikuwa wakisahauliwa katika mgao wa kila siku. Angalia majina ya wale saba waliochaguliwa: Stefano, Filipo, Prokoro, Nikanori, Timoni, Parmena, Nikolao. Yote ni ya Kiyunani. Yaelekea ghala lilikabidhiwa kwa watu wa upande uliolalamika, na habari haisemi kwamba waliwanyima wengine. Sisi kwa kawaida tunafanya kinyume: tunachagua mwalimu mstaafu, mwenye duka na mzee wa kanisa, watu waaminifu ambao hawajui nani amelala njaa, na bila kukusudia mgao unafuata ukoo. Kamati ya watu watano iwe na watatu kutoka kaya zinazokopa, wawili kati yao wanawake. Kufuli ziwe tatu kwa watu watatu. Nyumba ya mchungaji isiwe ghala, maana itamletea wageni usiku na lawama mchana. Daftari lisomwe mbele ya kanisa mara mbili kwa mwaka: madebe yaliyoingia, yaliyotoka, yaliyorudi. Idadi tu, bila majina. Na picha za watu wakikabidhiwa magunia zisipigwe. Mtu aliyekopa debe kwa jirani zake hana deni la uso wake.

Rehani ni jambo lingine linalohitaji msimamo. Kumbukumbu la Torati 24:6 inakataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani, kwa kuwa ni uhai wa mtu, na mstari wa 10 na wa 11 inamtaka mkopeshaji asimame nje ya nyumba. Kwa hapa kwetu ni jembe, plau, ng'ombe wa kulimia na baiskeli ya kubebea maji. Asiyerudisha asinyang'anywe vitu hivyo. Asirudi kwenye orodha ya wakopaji mwaka unaofuata mpaka kamati izungumze naye nyumbani, na hiyo inatosha.

Wengi wasiorudisha huwa si wakorofi. Walidaiwa Septemba, nafaka ikiwa imeshauzwa kwa ada na harusi. Au walidaiwa Mei, wakaleta mtama mbichi ukaoza. Siku ya kurudisha iwe ileile ya sadaka ya mavuno, watu wakishamaliza kupura na kuanika, malori yakiwa bado hayajazoa kijiji. Aliyekopa mahindi aruhusiwe kurudisha mtama, kilo kwa kilo. Mtama unavumilia ukame na ghala pia.

Jirani Mwislamu au asiye na dini aingie kwenye orodha kama wengine. Mgeni ametajwa katika zaka ile ile ya malangoni, na balozi wa nyumba kumi ataijua kaya yenye shida kuliko mweka kumbukumbu za ubatizo.

Linabaki swali gumu, la mwaka mvua zinapokatika Februari na kijiji kizima kisivune. Hapo hakuna wa kurudisha na wote wanahitaji. Wagogo wanayo kumbukumbu ya Mtunya, njaa ya 1917 hadi 1920, inayokadiriwa kuua watu 30,000 kati ya 150,000 wa wilaya ya Dodoma ya wakati huo. Ukame ulikuja baada ya majeshi ya Vita ya Kwanza kuchukua nafaka, ng'ombe na wapagazi; akiba ilikuwa imekwisha ondolewa. Ghala la kanisa haliwezi kulisha kijiji, na lisiahidi hivyo. Linachoweza ni kuwa na kanuni iliyoandikwa kabla: mwaka wa namna hiyo deni linasogea hadi mavuno yajayo bila kuongezeka hata kopo, na likifika mwaka wa pili bila mavuno linafutwa. Kumbukumbu la Torati 15:9 inaonya juu ya moyo unaokataa kukopesha kwa kuwa mwaka wa maachilio, yaani mwaka wa saba wa kusamehe madeni, umekaribia, na kanuni ya mapema ndiyo inayouzuia moyo huo.

Baada ya hapo kazi inahamia mjini. Wakulima wa zabibu, ambao hupata pesa ya mavuno ya kwanza Februari na Machi wakati wakulima wa nafaka hawana kitu, pamoja na wenye mishahara ya jiji, wajaze ghala la kijiji. Lakini mwaka wa kawaida wasingoje Februari ndipo wachangishane kununua unga kwa bei ya juu. Pesa ileile ikitolewa Julai inaweza kununua karibu mara mbili, na mfuko wa tabaka tatu utaitunza. Baraza la kanisa likae Mei, liandike theluthi hiyo kwenye muhtasari, mifuko inunuliwe Juni, na mnadi aelezwe mapema ni magunia yapi yasiyofika mnadani.